Kitabu cha chama na mwandiko uliosinyaa

Mkewe ndiye aliyeleta kitabu. Alikitoa ndani ya kiondo, akakiweka mezani kwangu kando ya mashine ya kupimia presha, akakifungua katikati. "Daktari, angalia mwenyewe," akaniambia, "kisha uniambie kama mzee wangu ni mwizi."

Mzee alikuwa ameketi kando yake, kimya. Uso wake haukuonyesha hasira wala aibu. Mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya paja, kidole gumba kikisuguana na cha shahada mfululizo, kama mtu anayepukuchua punje za mahindi. Ilikuwa Machi 2023.

Nitamwita Karani, kwa kuwa ndivyo majirani wa Kaloleni, hapa Nairobi, wanavyomwita. Alikuwa karani wa stoo katika karakana za reli, akastaafu 2006, na tangu 2009 alikuwa mhazini wa chama cha kuzikana cha mtaa wao. Alipofika kwangu alikuwa na miaka 72. Yeye na mkewe wamekubali nieleze kisa chao mradi majina yasitajwe. Mimi ni tabibu katika kliniki ndogo isiyo mbali na Jogoo Road. Si bingwa wa mishipa ya fahamu. Hata hivyo watu kama Karani hupitia kwa watu kama mimi kabla ya kumfikia bingwa, na hapo ndipo wengi wao hupotea.

Wanachama walikuwa wameanza kulalamika kwamba hesabu hazisomeki. Saba ilifanana na moja, sifuri ilikuwa nukta. Benki nayo ilikataa saini yake mara mbili kwa kuwa haikufanana na ile ya zamani. Mwisho wa 2021 wakamwondoa kwenye uhazini. Hakuna aliyemwita mwizi mbele ya macho yake, lakini mtaani maneno yana miguu, na mama yule aliyabeba moyoni zaidi ya mwaka mzima.

Siku hiyo nilikisoma kitabu kwa muda mrefu kuliko nilivyomsikiliza mzee. Kilikuwa kitabu cha jalada gumu, chenye mistari ya buluu. Mwaka 2016 herufi zake zilijaza mstari, na mkia wa "g" ulishuka mpaka mstari wa chini. Mtu alikuwa na mwandiko wa ofisi za zamani, wa kujivunia. Katikati ya 2018 kitu kinabadilika: kila mstari unaanza vizuri upande wa kushoto, kisha jina la mwanachama linaposonga kulia linapungua, kana kwamba nafasi inamwishia ilhali nafasi ipo tele. Mwaka 2019 hata herufi ya kwanza ni ndogo. Mwaka 2020 maandishi yanachukua nusu ya mstari, na tarakimu zinapanda juu zinapofika ukingoni. Kurasa za mwisho, za 2021, ni kama nyayo za sisimizi. Anayemwona mtu kila siku haoni anavyobadilika. Kitabu kilikuwa kimeona.

Mwandiko unaopungua hivyo ni dalili ya ugonjwa wa Parkinson inayojulikana sana, ila mara chache hutuangukia mezani ikiwa na tarehe. Nilimwomba agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka, kwa upana. Mkono wa kushoto uliweza, kwa uzito kidogo. Wa kulia ulianza vizuri, ukafupika mgongano baada ya mgongano, ukasimama. Nilipoukunja na kuukunjua mkono huo kiwikoni nilihisi vipingili, kama gurudumu lenye meno linalokwama na kuachia. Nikamwambia atembee mpaka mlangoni. Mkono wa kulia haukuyumba hata kidogo, na alipogeuka alihitaji hatua ndogo saba ambapo mtu wa kawaida hutumia mbili.

Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu na James Parkinson, daktari wa London, mwaka 1817. Ndani ya ubongo kuna eneo dogo lenye seli nyeusi zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia mwili kuanzisha mwendo na kuupa kipimo chake. Seli hizo zinakufa polepole. Mpaka mkono uanze kutetemeka, sehemu kubwa yake imeshapotea. Ndiyo maana dalili za kwanza huwa si za kutetemeka kabisa, na ndiyo maana nilimgeukia mkewe.

"Mama, usiku analala vipi?"

Akacheka kidogo kwa mara ya kwanza. "Huyo? Huyo anapigana usiku. Anapiga mateke, anapiga kelele kama anafukuza mbwa. Tulitenganisha vitanda zamani."

"Zamani ya lini?"

Akafikiri. "Mwaka ule wa uchaguzi wa Uhuru wa kwanza." Yaani 2013. Harufu je? Akanieleza siku sufuria ya githeri ilipoungua jikoni yeye akiwa kwa jirani. Alirudi akakuta nyumba imejaa moshi, na mzee ameketi akisikiliza redio. Wakagombana. Yeye alidhani mzee amepuuza, kumbe pua haikumpa habari. Choo kigumu kilikuwa cha miaka mingi, na hakuna aliyekihesabu kuwa ugonjwa.

Kuota kwa kupigana, pua kufa ganzi, tumbo kufunga: mambo haya matatu yanaweza kutangulia mtetemeko kwa miaka kumi au zaidi. Si kila mwenye mojawapo ana Parkinson, nisiwatie watu hofu. Lakini yanapokutana kwa mtu mmoja yanasema kitu.

Kulikuwa na kikwazo. Ndani ya kiondo, chini ya kitabu, mama alikuwa na karatasi za dawa. Februari 2021 mzee alipata kizunguzungu, akanunuliwa sinarizini kwenye kemisti, na kwa kuwa kizunguzungu kilipungua, akaendelea kuinunua kwa miaka miwili. Hakuna aliyemwambia aache. Sinarizini huziba njia ambazo dopamini hufanyia kazi, na kwa mzee inaweza kuleta picha inayofanana na Parkinson kiasi cha kumdanganya daktari yeyote. Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, hufanya vivyo hivyo, na vidonge vya Plasil vinavyotolewa kwa kichefuchefu bila mtu kufikiri mara mbili navyo hufanya hivyo. Kwa hiyo swali lilikuwa: huyu ni mgonjwa wa Parkinson, au ni mtu mzima aliyedhuriwa na kidonge cha kizunguzungu?

Mwaka 2022 familia ilikuwa imeuza mbuzi wawili huko nyumbani ushago ili mzee apigwe picha ya kichwa. Ikaja safi. Nawaonea uchungu kwa hilo. Picha ile ya kawaida haionyeshi Parkinson. Inafaa kutafuta uvimbe au kiharusi, lakini mtu akiambiwa "picha iko sawa" huelewa kwamba yeye yuko sawa. Hakuna kipimo cha damu cha kawaida cha ugonjwa huu. Unatambuliwa kwa macho, kwa mikono, na kwa kusikiliza historia.

Na historia tulikuwa nayo kwa wino. Dawa ilianza Februari 2021, mwandiko ulianza kusinyaa katikati ya 2018. Kidonge hakiwezi kurudi nyuma miaka miwili na nusu. Tuliipunguza sinarizini kisha tukaikomesha, na wakati tukingoja siku ya kuonana na daktari wa mishipa ya fahamu katika hospitali ya rufaa, mkono wa kushoto ukapata wepesi. Ule wa kulia ukabaki vilevile. Dawa ilikuwa imeongeza mzigo juu ya ugonjwa uliokuwepo. Daktari wa rufaa akathibitisha.

Sasa nifikie jambo linaloniuma. Nilipolitafuta jina la Karani kwenye rejista zetu za zamani, nilimkuta. Julai 2020, bega la kulia, maumivu na kukaza. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: baridi yabisi, dawa ya maumivu siku saba. Bega linalokaza upande mmoja kwa mzee ni mojawapo ya njia ambazo Parkinson hubisha hodi, na mimi nilifungua mlango nikatazama nje, nikaufunga. Sikumwomba atembee. Sikumwomba aandike. Foleni ilikuwa ndefu mpaka barazani, lakini kumwomba mtu atembee mpaka mlangoni na kurudi hakuchukui hata dakika moja.

Basi, Karani aliugua lini? Rejista inasema 2023. Kitabu cha chama kinasema 2018. Kumbukumbu ya mkewe inasema 2013. Kila anayetaka kusema kama Parkinson inaongezeka Nairobi, au Kenya, au popote, anasimama juu ya swali hili, hata asipolitaja.

Tumia chama chenyewe kama mfano. Kuna wanachama waliojiunga mwaka huu, na kuna wanachama wote waliomo kitabuni. Hesabu hizi mbili hazifanani. Chama kinaweza kuwa na wanachama wengi kwa sababu wengi wanajiunga, au kwa sababu wachache wanaondoka. Kinaweza pia kuonekana kimekua ghafla kwa sababu tu mhazini mpya ameandika majina ambayo yule wa zamani hakuwahi kuyaandika. Ugonjwa nao ni hivyo. Idadi ya wanaoishi nao ikipanda, huenda wengi zaidi wanaugua, huenda wagonjwa wanaishi muda mrefu zaidi, huenda tunawatambua waliokuwa wakiitwa "wazee tu". Juu ya hayo yote, watu wenyewe wanazeeka, na Parkinson hupenda uzee. Katika nchi tajiri karibu mtu 1 kati ya 100 waliovuka miaka 60 anao, na kadiri umri unavyosogea ndivyo wanavyozidi. Wanaume wanaugua kuliko wanawake, karibu mara moja na nusu.

Duniani hesabu ni hizi. Mwaka 1990 walikadiriwa kuwa milioni 2.5, na 2016 milioni 6.1. Wachambuzi walipoondoa athari ya watu kuzeeka, bado kiwango kilikuwa kimepanda kwa karibu asilimia 22. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2025 yanasema walikuwa milioni 11.9 mwaka 2021 na watafika milioni 25.2 mwaka 2050, ongezeko la asilimia 112. Ukiligawa ongezeko hilo, 89 zinatokana na watu kuzeeka, 20 na watu kuongezeka, na 3 tu na mabadiliko ya kiwango chenyewe. Ongezeko kubwa kuliko yote kwa asilimia linatarajiwa Afrika Magharibi, 292. Eneo ambalo leo lina vijana wengi litazidi kuwa na watu wengi, nao watazeeka, na ugonjwa utawafuata.

Kuhusu wanaoanza kuugua, ushahidi unavutana. Katika wilaya ya Olmsted, jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambako kumbukumbu za matibabu za wakazi wote huhifadhiwa kwa pamoja, wanaume waliopata Parkinson walipanda kutoka 18.2 kwa kila 100,000 kwa mwaka katika kipindi cha 1976 hadi 1985, wakafika 30.4 katika kipindi cha 1996 hadi 2005. Ongezeko lilikuwa kubwa zaidi kwa waliovuka miaka 70. Uingereza, kati ya 1999 na 2009, wagonjwa wapya walipungua kidogo. Rotterdam nako, kundi lililoanza kufuatiliwa mwaka 2000 liliugua kidogo kuliko lile la 1990. Mtu akikuambia kwa sauti kubwa kwamba Parkinson ni mlipuko, muulize anazungumzia wapi, umri gani, na nani alikuwa akiandika.

Karibu nasi zaidi kuna kazi ninayoiheshimu sana, iliyofanywa wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, na kuchapishwa 2008. Walipita mlango kwa mlango katika jamii ya watu 161,071. Walipata wagonjwa 33. Ni 20 kwa kila 100,000, kiwango kidogo sana ukikilinganisha na Ulaya. Walipokirekebisha ili kilingane na umri wa watu wa Uingereza kikawa 40. Wengi wa hao 33 hawakuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana Parkinson. Walikuwa wakitetemeka majumbani mwao bila jina.

Miaka mingi kabla yake, Nigeria na Marekani zililinganishwa kwa njia hiyohiyo ya mlango kwa mlango. Watu weusi wa Copiah, Mississippi, waliovuka miaka 39 walikuwa na kiwango cha 341 kwa 100,000, na wale wa Igbo-Ora, Nigeria, 67. Matokeo yalitoka 1988. Asili moja, tofauti ya mara tano. Wapo waliosema ni mazingira. Mimi huona pia jambo jingine, la huzuni zaidi: mahali ambapo mgonjwa wa Parkinson asiye na dawa anaanguka, anavunjika nyonga, anapata nimonia na kufa mapema, idadi ya wanaoishi nao itakuwa ndogo kila wakati, hata kama wanaougua ni wengi. Kitabu cha chama hakionyeshi waliokufa kabla ya kuandikwa.

Fanya hesabu ya karatasi. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Kwa kiwango cha Hai tungekuwa na wagonjwa wapatao 9,500. Waliovuka miaka 60 walikuwa kama milioni 2.7, kutoka milioni 1.9 mwaka 2009. Kwa kiwango cha nchi tajiri, 1 kati ya 100, tungekuwa na 27,000. Kati ya 9,500 na 27,000 kuna pengo, na sidhani jibu liko ncha moja au nyingine. Ila natambua kwamba hesabu ya kwanza inapimwa mahali ambapo wagonjwa hawaishi muda mrefu, na ya pili mahali wanapoishi. Tukiwatibu vizuri, idadi itapanda. Itakuwa habari njema inayoonekana mbaya, na nahofia wale watakaoisoma vibaya.

Nairobi ina kisa chake cha ziada. Mji huu una wazee wachache kuliko sehemu nyingi za nchi kwa sababu mtu akistaafu, au akishindwa kufanya kazi, anarudi ushago. Mfanyakazi anayeanza kukokota mguu Industrial Area huhesabiwa, kama atahesabiwa, Siaya au Murang'a. Halafu anarudi mjini kutafuta daktari wa mishipa ya fahamu, kwa kuwa wengi wao wako hapa. Karani alibaki kwa sababu Kaloleni ndiko kwao: watoto wamezaliwa pale, chama kiko pale.

Aliniuliza, siku ya tatu au ya nne, kama ni kazi iliyomletea. Katika karakana, alisema, vyuma vilioshwa kwa dawa kali ya kuondoa grisi, na stoo yake ilikuwa karibu na pipa. Jina la dawa halikumbuki. Ni swali la haki. Ziko kemikali zenye ushahidi. Kiyeyushi kiitwacho trikloroethilini, kilichotumika sana kuoshea vyuma, kilichafua maji ya kambi ya wanajeshi ya Camp Lejeune huko Marekani, na utafiti wa 2023 ulionyesha waliokaa pale walikuwa na hatari ya Parkinson kubwa kwa asilimia 70 kuliko wenzao wa kambi nyingine. Ufaransa tangu 2012 inautambua ugonjwa huu kuwa wa kazini kwa wakulima waliotumia viuatilifu. Paraquat, dawa ya kuua magugu, imepigwa marufuku katika Umoja wa Ulaya tangu 2007. Na urithi upo pia: mwaka 2023 watafiti walitangaza badiliko katika jeni ya GBA1 linalopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika na linaloongeza hatari.

Nilimwambia ukweli. Kwa mtu mmoja siwezi kusema. Kwa watu elfu moja walioosha vyuma, mtu angeweza kusema, kama mtu angewaandika. Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa karani, alielewa.

Dawa aliyoanzishwa ni levodopa, ambayo tangu miaka ya 1960 haijapata mshindani, ikiwa pamoja na kabidopa. Hapo awali mtu alikuwa amemshauri aiahirishe "ili isiishe nguvu". Ushauri huo umeenea, na umewakalisha watu kwenye viti bure. Utafiti wa 2014 uliolinganisha wagonjwa wa Ghana, walioanza dawa wakiwa wamechelewa, na wa Italia, walioanza mapema, ulionyesha kwamba matatizo ya dawa hufuata urefu wa ugonjwa na ukubwa wa dozi. Kuchelewa hakukuwakinga.

Alianza nusu kidonge mara tatu kwa siku, baada ya wiki mbili kidonge kizima. Siku za kwanza alitapika. Kemisti alitaka kumpa Plasil. Mama akakataa, akatoa kadi niliyomwandikia majina ya dawa ambazo mzee hapaswi kuguswa nazo. Kadi hiyo ilikuwa kazi ya maana kuliko nyingi nilizofanya mwaka ule.

Kisha kukazuka fumbo dogo. Kidonge cha mchana kilifanya kazi, cha saa mbili asubuhi hakikufanya. Nikauliza anakimezaje. Na chai ya maziwa, mayai mawili. Levodopa hunyonywa na kupita mpaka ubongoni kwa njia ileile inayotumiwa na protini, na zote mbili zikifika mlangoni pamoja, dawa husukumwa nyuma. Tukakubaliana: kidonge kwa maji saa moja na nusu, chai saa mbili. Baada ya wiki alivaa shati na kufunga vifungo mwenyewe kabla ya chai. Maharagwe na githeri hatukuvikataza, tulivisogeza mbali na saa ya dawa tu.

Bei ni jambo jingine. Vidonge vya mwezi vilimgharimu zaidi ya zile KSh 2,000 za Inua Jamii, posho ya serikali, anazopata kama mzee aliyevuka miaka 70, na pesa hizo hazifiki kila mwezi kwa siku yake. Mwaka 2024 nilimwona amekaza tena. Alikuwa anameza mara mbili badala ya tatu, ili pakiti ifike mwisho wa mwezi. Hakutaka kunisumbua, alisema. Uchunguzi wa upatikanaji wa dawa hizi Kenya uliochapishwa 2016 ulishaonyesha maduka mengi hayana, na yaliyo nayo yanauza kwa bei isiyomfikia mtu wa kawaida. Kwenye kemisti za mtaa wetu utapata kwa urahisi zaidi benzheksoli, dawa ya zamani ya mtetemeko, ya bei nafuu, ambayo kwa mzee huleta kuchanganyikiwa na kuziba mkojo. Mwanawe wa kiume sasa ananunua vidonge vya miezi miwili kwa pamoja. Si suluhisho la nchi, ni suluhisho la nyumba moja.

Jirani alimletea mbegu za upupu, zilizosagwa. Sikucheka, kwa sababu upupu kweli una levodopa ndani yake. Nilimweleza kwamba kipimo hakijulikani kijiko kwa kijiko, na kwamba akichanganya na vidonge atazidisha bila kujua. Akaziweka juu ya kabati.

Nyumbani, mlango wa chumba cha kulala ulikuwa adui. Akifika kizingitini miguu inaganda, kana kwamba imegundishwa sakafuni. Tulibandika vipande vinne vya tepu ya umeme, ya njano, sakafuni kabla ya mlango, umbali wa hatua moja moja. Ubongo ulioshindwa kuanzisha hatua wenyewe unaweza kuianzisha ukipewa mstari wa kuvuka. Mara ya kwanza alisimama akaitazama ile mistari, akanyanyua mguu juu kupita kiasi, kama anayevuka mtaro, akapita. Mkewe akapiga makofi. Matatu bado ni tatizo. Makanga humwambia, "Harakisha mzee," na neno hilo ndilo linalomgandisha. Siku hizi hupandia kituo cha mwanzo, kabla gari halijajaa.

Kwenye chama nilikwenda mwenyewe, Jumapili moja alasiri, kwa ruhusa yake. Nilifungua kitabu mbele ya wanachama nikawaonyesha kurasa za 2016, 2018 na 2021, moja baada ya nyingine. Hesabu walikuwa wameshaikagua wenyewe na hapakukosekana hata shilingi, lakini hakuna aliyekuwa amemwambia. Mwenyekiti, mama wa makamo, alisimama akamwendea alipoketi, akamshika ule mkono unaotetemeka kwa mikono miwili, akasema, "Tusamehe, mzee wetu." Hawakumrudishia uhazini, naye hakuutaka. Wamempa kazi ya kusoma majina ya marehemu kila mwaka, na anafanya mazoezi ya sauti kwa ajili hiyo kila asubuhi, kwa sauti kubwa, mpaka majirani wanasikia.

Kwenye fomu yetu ya muhtasari wa mwezi, shinikizo la damu lina mstari wake, kisukari kina mstari wake. Karani anaingia kwenye "magonjwa mengine yote", pamoja na kila kisicho na jina. Rejista ina safu ya tarehe aliyofika. Haina safu ya lini yalianza. Nimeanza kuiandika kwa penseli pembeni, kwa kila mzee mwenye mkono usioyumba au bega lililokaza: nauliza usiku, nauliza harufu, nauliza mwandiko.

Mara ya mwisho walipokuja, mama alikuwa ameshamshika mzee mkono waondoke, kisha akarudi mlangoni. "Daktari, kuna yule mama wa viazi karai pale stejini. Mkono wake wa kushoto umelala tu, anakaanga kwa mmoja. Watu wanasema ni uzee."

Nikamuuliza ana miaka mingapi.

"Hata sitini hajafika."

Tukakubaliana Jumamosi, yeye anitangulie.